Nilivyojifunza kucheka kwa wakati Nyakabiga

MPENZI msomaji, umewahi kucheka kwa kuchelewa? Sisemi kuchelewa kufika mahali. Nasema watu hamsini wamekwisha kucheka, wamefuta machozi na kutulia, ndipo wewe unaanza. Mimi yalinikuta mwaka 2009 katika banda moja la video hapa Nyakabiga, Bujumbura, na sijayasahau.

Nilikuwa na miezi minne tu nchini. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972 kutoka Rumonge, nami nikazaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora. Wasioifahamu Ulyankulu kwa ukimbizi huenda wanaifahamu kwa Kwaya ya Barabara ya 13, ambayo nyimbo zake zilivuma redioni Tanzania nzima. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na cheti cha ualimu nikakipatia Tabora. Serikali ya Tanzania ilipotuuliza wakimbizi wa 72 kama tunataka uraia au kurudi kwetu, baba alisema hatazikwa ugenini. Zaidi ya watu elfu hamsini wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walirejea katika miaka ile, nasi tukiwamo.

Rumonge tulikuta shamba la michikichi lina wenyewe wengine. Habari hiyo ni ndefu, na wengi wenu mnayo ya kwenu inayofanana nayo, kwa hiyo siingii huko. Baba alibaki akifuatilia. Mimi nikapanda Bujumbura, nikapata vipindi vya Kiingereza na Kiswahili katika shule moja, na chumba cha kupanga Nyakabiga.

Waliobaki Ulyankulu waliposikia nimepanga Nyakabiga waliniuliza mara mbili kama nimesema kweli. Wakati wa vita vya miaka ya 1990 kila mtaa wa jiji hili ulikuwa na watu wake, na mtu mwenye historia ya kwetu hakuwa wa kupanga chumba hapa. Lakini mwaka 2009 mwenye nyumba aliniuliza jambo moja tu: unalipa miezi mingapi? Mtaa uko karibu na Chuo Kikuu, pale Mutanga, umejaa wanafunzi, na vyumba vilikuwa vya bei ya mwalimu.

Banda lenyewe lilikuwa chumba kirefu cha mabati nyuma ya duka la mkaa. Mabenchi kumi na mbili, televisheni moja juu ya meza ndefu, deki, na jenereta uani kwa siku za giza. Mchana kiingilio kilikuwa faranga mia moja, jioni mia mbili. Mlangoni palitundikwa ubao mweusi wa shule, ambao mwenye banda, mzee mmoja mpole, aliuandika kwa chaki kila asubuhi: saa nane filamu ya Kihindi, saa kumi mpira, saa moja jioni "théâtre".

Hilo neno la mwisho ndilo lililonivuta. Chini yake mzee alikuwa akitia kila kitu kilichochezwa jukwaani kisha kikanaswa kwenye kamera. Kulikuwa na michezo ya kuigiza ya Kinshasa kwa Kilingala. Kulikuwa na taarabu na vichekesho vya Dar es Salaam. Kulikuwa na maonyesho ya wanamuziki wa Kongo katika ukumbi wa Bercy, jijini Paris: Koffi Olomidé wa Februari 2000 na Werrason wa Septemba mwaka huo huo. Na kulikuwa na maigizo ya Kirundi, yaliyorekodiwa na mtu mwenye kamera moja aliyesimama nyuma kabisa ya ukumbi.

Diski hizo zilifika vipi? Ninyi wafanyabiashara wa mpakani ndio mnaojua. Za Kongo zilitoka Uvira zikapita Gatumba. Za Tanzania zilinunuliwa Kigoma, zikapanda Manyovu na kushukia Mugina, katikati ya mafurushi ya vitenge, kwa sababu diski ni nyembamba na kitenge huizuia isivunjike. Mama mmoja aliyekuwa akimletea mzee aliniambia kwamba kwenye kitenge alipata faida, na kwenye diski alipata kiti cha bure cha mbele kwa mwezi mzima. Hakueleza ni kipi alichokipenda zaidi.

Naomba niseme kidogo kuhusu mchezo wa jukwaani ulionaswa kwenye video, kwani si sawa na filamu. Kwenye filamu kamera inakuamulia: tazama jicho hili, sasa tazama kisu kile. Kwenye mchezo ulionaswa na kamera moja unaona jukwaa zima, na macho yako yanajiendea. Unamwona mfalme anahutubia, lakini pia unamwona mlinzi wake pembeni anajikuna. Chini ya kioo vinaonekana visogo vya watazamaji wa siku ile. Mtu anakohoa, mtoto analia na kutolewa nje. Na zaidi ya yote, wanacheka. Kwa hiyo pale bandani vilikuwapo vicheko viwili, cha watu waliokuwa ukumbini siku mchezo unarekodiwa, na cha kwetu sisi wa faranga mia mbili. Vikigongana pamoja, bati lilitetemeka. (Maonyesho ya Bercy nakiri yalinichosha baada ya saa moja. Vijana walikesha nayo.)

Jioni ile ya kwanza ulichezwa mchezo wa Kirundi. Kirundi nilikuwa nacho, cha mama, cha jikoni, kilichochanganyika na Kiswahili. Mke wa chifu alikuwa amealikwa chakula cha jioni na Mzungu. Akala, akashiba, akaongezewa sahani nyingine. Akaweka mkono tumboni na kusema kwa heshima zote: "Merci, je suis pleine."

Watu wa mkandani walipiga yowe. Banda likapiga yowe. Mwanafunzi wa mbele yangu aliangukia mgongo wa mwenzake. Mimi nilikuwa nimekaa kama gogo. Sikuona kosa liko wapi, kwa sababu, mpenzi msomaji, kwangu mimi Kifaransa chote kilikuwa sahihi. Jirani yangu, baba mmoja fundi seremala, alinitazama, akainama na kuninong'oneza: "Alitaka kusema ameshiba. Amesema ana mimba. Tena mimba ya ng'ombe." Nikacheka. Nilicheka peke yangu, kwa sauti kubwa, wakati jukwaani chifu alikuwa ameanza kulia msiba wa kaka yake. Banda zima liligeuka.

"Huyo ni wa wapi?" mtu aliuliza gizani.

"Ni katika abahungutse," akajibiwa. Waliorejea. Haikusemwa kwa ubaya, lakini nililala nikiitafakari.

Niliendelea kwenda, mara mbili au tatu kwa wiki, na fundi seremala akawa ananiwekea nafasi. Niligundua kuwa watu wa banda lile walikuwa na masikio makali kuliko macho. Warundi walijifunza mchezo wa kuigiza kwa redio kabla ya video. Tangu mwaka 1997 Studio Ijambo ilikuwa ikitengeneza "Umubanyi Niwe Muryango", yaani jirani ndiye ndugu, mchezo ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kuhusu familia mbili za makabila mawili zinazoishi ukuta kwa ukuta. Sehemu zake zilipita mia kadhaa. Bandani mtu aliweza kusema mhusika anadanganya kabla hajamaliza sentensi, kwa kumsikiliza tu anavyovuta pumzi. Mimi nilikuwa bado natafsiri kichwani neno la tatu.

Siku moja waliweka "Gito l'ingrat", filamu ya Léonce Ngabo ya mwaka 1992, ya kwanza ndefu ya Kirundi. Gito anarudi kutoka Ufaransa na shahada yake, akitegemea kupewa uwaziri. Naye ni mrejeaji, ila wa ndege. Sisi wa lori tulimcheka vizuri, na safari hiyo nilicheka kwa wakati, kwani mtu anayedhani nchi imekuwa ikimngoja hahitaji tafsiri.

Ndipo ikaja Sarafina.

Ilikuwa mwaka 2010. Yule mama wa vitenge aliitoa Kigoma. Jina kila mtu alilijua, nyimbo watu walizijua, lakini wachache walikuwa wameielewa, maana wanazungumza Kiingereza na nyimbo nyingi ni za Kizulu. Mzee aliniita mbele ya watu wote: "Mwalimu, wewe ndiye Mwingereza wetu. Simama hapa."

Tanzania tulikuwa na Lufufu, yule aliyetia sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, akazieleza kwa methali na mizaha ya uswahilini hadi ukadhani Wachina ni wa Manzese. Mimi si Lufufu. Nilisimama kando ya televisheni na fimbo ya ubaoni mkononi, nikaanza kueleza kwa Kiswahili, ambacho Nyakabiga wengi wanakisikia hata kama hawakizungumzi. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu akawa anawamalizia wa nyuma kwa Kirundi.

Niliwaeleza kwanza kwamba huu ulikuwa mchezo wa jukwaani kabla haujawa filamu. Mbongeni Ngema aliuandika na kuuonyesha Johannesburg mwaka 1987, muziki akishirikiana na Hugh Masekela, kisha ukapelekwa New York na kuchezwa Broadway mara 597. Leleti Khumalo, binti wa Durban, aliucheza jukwaani akiwa hajatimiza miaka ishirini, na ndiye huyo huyo wa kwenye filamu ya mwaka 1992. Mama yake kwenye filamu ni Miriam Makeba, na mwalimu ni Whoopi Goldberg. Jukwaani wanafunzi wale waliigiza siku ya kuachiwa kwa Mandela wakati Mandela mwenyewe bado yuko jela. Aliachiwa Februari 1990. Fundi seremala alinirudisha hapo: "Walicheza kitu ambacho hakijatokea?" Nikamwambia ndiyo, usiku baada ya usiku. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kiungo cha mbao asichokifahamu.

Kisha nikaeleza Soweto. Kwamba tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kwa kuwa serikali ya makaburu ililazimisha masomo yafundishwe kwa Kiafrikana, na polisi wakawafyatulia risasi, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo Hector Pieterson wa miaka 12.

"Watu wanakufa kwa ajili ya lugha ya darasani?" kijana mmoja aliuliza. Aliuliza kwa dharau kidogo.

Akajibiwa kutoka benchi la pembeni, kwa Kiswahili, na sauti ya kike. Alikuwa mwanafunzi wangu, binti aliyetoka Katumba. Alikuja nchini akiwa kidato cha pili, wa kwanza katika hisabati. Shule moja ilimpima kwa Kifaransa, ikamrudisha kukaa na watoto wa miaka kumi na moja. Alikuwa mrefu kuliko mwalimu wake. Alisema: "Mimi najua kugawanya. Sijui tu jina la Kifaransa la kugawanya."

Banda lilinyamaza. Kwenye kioo wale watoto walikuwa wanaimba. Mzee akabonyeza deki, picha ikasimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya hata kwa penalti.

Aliyevunja kimya ni yule mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyekuwa akinimalizia kwa Kirundi. Alimwambia: "Dada, unadhani sisi tulizaliwa nacho? Mimi nimetoka kijijini Mwaro. Kifaransa nilikipata kwa fimbo, kila neno na fimbo yake." Akageuza viganja kana kwamba alama bado zipo. Mtu mwingine akasema hata yeye. Fundi seremala akasema yeye fimbo alizipata, Kifaransa hakukipata. Hapo watu wakacheka, yule binti akacheka, na mimi nikacheka, wote kwa mara moja.

Sitaki kuitia chumvi habari hii. Hakuna aliyetupiga risasi kwa ajili ya Kifaransa, na binti yule hakupandishwa darasa kwa sababu ya filamu. Kilichotokea ni kidogo. Jumatatu iliyofuata yule mwanafunzi wa Mwaro alinifuata na pendekezo: nimfundishe Kiingereza, yeye awafundishe Kifaransa watoto wa waliorejea. Mzee akatupa banda kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja kasoro, siku ambazo hakuna mpira. Ubao wa chaki ulitolewa mlangoni ukaingizwa ndani. Tulianza na watoto sita. Michezo ya Kirundi tuliigeuza somo: tunaweka kipande, tunasimamisha, tunauliza kwa nini wamecheka. Wazo hilo lilikuwa langu, na ndilo wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo katika ualimu, kwani mtoto anayeweza kueleza kwa nini watu wamecheka ameshaielewa lugha, hata kama vitenzi vyake vinachechemea.

Binti wa Katumba alifika darasa la tisa, kisha mama yake akaugua naye akaingia katika biashara. Siku hizi ni mmoja wenu. Huchukua vitenge Kigoma, huuza Bujumbura na Uvira, na Wakongo wakimpandishia bei huwajibu kwa Kifaransa cha benchi la banda la video.

Kiingereza changu nacho kilipata heshima. Mwaka 2014 sheria ilikitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na wazazi ambao hawakunisalimu wakaanza kunisalimu.

Mwaka uliofuata mabenchi yalibaki matupu. Nyakabiga ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyosikia risasi mwaka 2015, tangu maandamano ya Aprili na Mei, na tena Desemba. Redio za binafsi zilichomwa mwezi Mei. Watu waliokuwa wamekaa nami benchi moja walikimbilia Tanzania, Rwanda na Kongo, na baadhi yao walikuwa wamerejea juzi tu kutoka huko huko. Mmoja alinipigia simu kutoka Nyarugusu akaniuliza kama mzee bado anaandika kwenye ubao. Nikamwambia ubao upo. Sikumwambia kuwa hauna maandishi.

Mzee amefariki. Lilipokuwa banda sasa wanatengeneza simu, na watu hutazama michezo humo humo kwenye simu, kila mtu na wake, masikio yamezibwa. Mtu akicheka hujui anacheka nini. Siipendi hali hiyo, ingawa mimi mwenyewe ninayo simu ya namna hiyo.

Mbongeni Ngema alifariki tarehe 27 Desemba 2023 katika ajali ya gari huko kwao Afrika Kusini. Nilipoisikia habari hiyo nilimtafuta mtoto wa mzee, ambaye ana projekta na huikodisha harusini. Januari tulitandika shuka jeupe ukutani, katika ua wa baa moja ya mishikaki hapa mtaani. Petroli ya jenereta ilitafutwa siku tatu, mnajua hali ilivyokuwa. Binti wa vitenge, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alileta flashi yenye Sarafina na pia "Voices of Sarafina!", filamu ya mwaka 1988 iliyowanasa wale vijana wenyewe wakicheza jukwaani kule New York na kuzungumza nyuma ya pazia. Hiyo sikuwahi kuiona. Nyuso ni za watoto wa shule hasa, wa umri wa wanafunzi wangu. Nilieleza tena kwa fimbo. Watu walikuwa kama arobaini, wengi hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wachanga tulipoitazama mara ya kwanza. Fundi seremala alikuwapo, kichwa chote cheupe.

Baada ya Sarafina petroli ilikuwa imebaki, kwa hiyo tukaweka kichekesho cha Tanzania kilichorekodiwa jukwaani. Mwenye nyumba yuko kitandani anaugua sana, anaagiza wosia. Mlango unabishwa, anaambiwa mgeni amekuja. Anaruka kutoka kitandani, anavaa koti, anachana nywele. Mgeni anaingia mikono mitupu, hata ndizi hana. Mwenye nyumba anamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, anavua koti, anarudi kitandani na kujifunika blanketi hadi usoni.

Watazamaji wa Dar es Salaam walilipuka. Uani kwetu walilipuka waliorejea na wafanyabiashara. Fundi seremala alikaa kimya. Kisha akaniinamia.

"Mwalimu, huyu vipi?"

Nikamnong'oneza kwamba kule kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, maana mgeni akija ndipo kuku anapochinjwa na vinono vinapopikwa. Sasa huyu mgonjwa aliwahi kupona kabla ya kukagua mizigo.

Aliifikiria. Nilimwona anaifikiria, mdomo wazi kidogo. Halafu akacheka, kicheko cha tumboni, akapiga goti langu, akacheka tena. "Kule kwenu mna maneno!" alisema kwa sauti. Kwenye shuka walikuwa wameshafika kwenye jambo jingine, mke wa mgonjwa alikuwa anaimba, na watoto wa mbele waligeuka wakamwambia mzee anyamaze, hawasikii.